Mali ya Kale ya Mafia: Kati ya Wakfu, Mirathi na Mizani

Biashara ya vitu vya kale katika pwani ya Afrika Mashariki ina vituo vyake vinavyojulikana, na mgeni anayeviulizia kwa kawaida huelekezwa Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye vichochoro vya Gizenga na Hurumzi, ambako maduka yamepanga saa za ukutani zilizokwisha kusimama, madele ya kahawa ya shaba, mirashi, kandili, makasha yaliyopigwa njumu na vipande vya milango ya nakshi. Visiwa vya Mafia, vilivyo mkabala na delta ya mto Rufiji katika Mkoa wa Pwani, havina mtaa wa namna hiyo, ingawa vitu vya aina hiyo vimekuwamo humo kwa karne nyingi na bado vina watu wanaovizunguka: mafundi wanaovitengeneza, wazee wa msikiti wanaovitunza, warithi wanaovigombea, waongozaji wanaovionyesha kwa wageni na wanunuzi wanaovitupia macho. Jamii hiyo haina kaunta wala kibandiko cha bei. Inaendeshwa zaidi na kanuni mbili za Kiislamu, wakfu na mirathi, na kanuni hizo zimeamua hatima ya mali ya kale ya Mafia kuliko sheria iliyotungwa na Bunge.

Ukale wa mali yenyewe unahitaji kuelezwa kwanza. Katika kisiwa cha Juani, wanaakiolojia, yaani wataalamu wanaosoma maisha ya zamani kutokana na vitu vilivyofukiwa ardhini, wamechimba kwenye pango la Ukunju na katika eneo la Shule ya Msingi Juani, wakakuta mabaki ya makazi ya wakulima na wavuvi wa milenia ya kwanza baada ya Kristo, pamoja na shanga za kioo zilizotoka ng'ambo ya bahari. Upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, huko Ras Kisimani, palikuwa na mji uliofungamana na usultani wa Kilwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliuchimba, na sarafu ndogo za shaba zenye majina ya masultani wa Kilwa zimeokotwa ufukweni pake, kwa kuwa bahari imeendelea kuumega mji huo, hasa tangu kimbunga kikubwa cha mwaka 1872.

Hata hivyo, mji ambao kumbukumbu yake iko karibu zaidi na maisha ya leo ni Kua, ulioko Juani, ambao magofu yake ya misikiti, makaburi, jumba la watawala na nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa yametapakaa katikati ya miti. Kua ulistawi hasa katika karne ya 18, kisha ukavamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska, mnamo mwaka 1829 kwa tarehe inayotajwa mara nyingi. Wakazi wengi walichukuliwa utumwani, na Chole, kisiwa kidogo kilicho jirani, kikawa ndicho kitovu kipya cha mji na utawala. Mji ulipoachwa, mbao zake hazikuachwa. Msikiti wa kisiwa cha Jibondo unasifika kwa mbao za nakshi za milango na madirisha ambazo wenyeji husema zilitoka Kua, na mtu anayejua jinsi mlango wa pwani unavyoundwa hawezi kuyashangaa maneno hayo.

Mlango wa nakshi wa aina ya zamani haushikwi na bawaba za chuma. Kila ubawa umechongwa na vigingi viwili, kimoja juu na kimoja chini, vinavyozunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Fremu ina miimo miwili ya pembeni pamoja na kizingiti cha juu, ambacho mara nyingi ndicho hupewa nakshi nzito kuliko sehemu nyingine, na katikati husimama mfaa, yaani ubao mwembamba uliopigiliwa kwenye ukingo wa ubawa mmoja ili kuziba pengo pale mbawa mbili zinapokutana. Fundi mwenye subira anaweza kuzing'oa sehemu hizi ukutani moja moja bila kuzivunja, akazifunga kamba, akazipakia chomboni na kuzisimamisha tena katika ukuta wa kisiwa kingine. Sifa iliyouwezesha mlango kuishi baada ya mji wake kufa ndiyo hiyo hiyo inayoufanya uwe bidhaa nyepesi kwa mnunuzi wa siku hizi, ambaye hana haja ya kununua nyumba ili apate uso wake.

Kilichoitenga milango ya msikiti na wanunuzi ni wakfu. Kwa maana yake ya kisheria, wakfu ni mali ambayo mwenyewe ameitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ikawa haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, bali manufaa yake ndiyo yanayoendelea kuwafikia watu. Mbao ikishaingia katika jengo la msikiti haina tena mwenyewe wa kushawishiwa kwa fedha. Anayeitaka hulazimika kuukabili mji mzima, na katika kisiwa kidogo ambako kila mtu anajua ni fundi gani aliyepigilia msumari gani, jambo hilo ni zito kuliko kufuli. Wakfu lakini haukuwekwa kwa ajili ya kuhifadhi nakshi. Wazee wa msikiti wakiona mlango umeliwa na mchwa na mfadhili akajitolea kuweka mpya wa chuma, kanuni inawataka watazame maslahi ya waumini, na mlango wa kale unaweza kuishia stoo ukawa kuni za kesho bila mtu yeyote kuvunja ahadi.

Kasha lina mkasa tofauti, kwa sababu ni mali ya mtu. Makasha mengi ya pwani yaliletwa na majahazi ya msimu kutoka Surat, Bombay na pwani ya Malabar, yakiwa ya msaji au mbao nyingine ngumu, na wauzaji huyatenganisha kwa wingi na mtindo wa njumu zake, yaani mapambo ya shaba yaliyopigiliwa kwa misumari ya vichwa vya mviringo. Kifuniko kikiinuliwa, mara nyingi huonekana pembeni kisanduku chembamba cha kuwekea vito na hati, na kwa chini, upande wa nje, droo ndogo zenye vishikio vya shaba. Mbao za ndani huwa zimekunywa udi na karafuu pamoja na nguo za vizazi kadhaa. Lilikuwa chombo cha bibi wa nyumba, na ufunguo wake alikaa nao mwenyewe.

Siku bibi huyo anapofariki, mirathi huanza. Kwa hesabu ya Kiislamu, mume aliyeachwa na watoto hupata robo ya mali ya marehemu, wazazi walio hai kila mmoja hupata sudusi, na kinachosalia huwaendea watoto, mafungu mawili kwa mwanamume dhidi ya moja kwa mwanamke. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, ameonyesha kwamba watu wa huko huhesabu ukoo na kudai haki kupitia kwa baba na kupitia kwa mama, hivyo idadi ya wenye madai hukua upesi. Minazi, ambayo ndiyo utajiri wa kihistoria wa visiwa hivi, huuvumilia mgawanyo huo vizuri, kwa kuwa miti huhesabika na kila mrithi akaonyeshwa yake. Kasha halikatiki. Ama mrithi mmoja atawalipa wenzake mafungu yao, jambo linalohitaji fedha taslimu ambazo wengi hawana, ama litauzwa na fedha zigawanywe, na mnunuzi anayezijua familia huwa hana haja ya kubisha hodi kabla ya arubaini kwisha. Huenda idadi kubwa ya makasha yanayoonekana madukani Unguja na Dar es Salaam yalianza safari yake katika kikao cha mirathi kilichoendeshwa kwa haki kabisa.

Mbali na milango na makasha, viko vitu ambavyo mjini huitwa vya kale na Mafia huitwa vyombo. Mbuzi ya nazi, kile kibao cha kukunja chenye ulimi wa chuma ambacho mpishi hukikalia anapokuna nazi, huwekwa sebuleni na watalii kama pambo, ilhali katika kisiwa cha minazi bado kinafanya kazi kila siku. Chole na Jibondo zinajulikana kwa uundaji wa majahazi na mashua, na zana za mafundi wake, tezo ya kuchongea, keekee ya kutobolea inayozungushwa kwa upinde na kamba, na patasi ya kusukumia pamba ya kalafati kwenye maungio ya mbao, ni zana ambazo makumbusho ya nchi nyingine yangeziweka nyuma ya kioo. Wanawake husuka mikeka ya ukindu kwa ukili, yaani utepe mrefu unaosukwa kwanza na kushonwa baadaye, na ni kazi inayowapatia fedha zao wenyewe. Vitu hivi havihitaji kuokolewa na mtu, ila pengine kutokana na bei ya plastiki.

Sheria ya nchi inaitazama mali hii kwa jicho jingine. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 kwa ajili ya mwambao wa bara pamoja na kisiwa cha Mafia, na kwa mauzo hayo visiwa vilivyokuwa vikihesabiwa pamoja na Unguja na Pemba viliingia upande wa bara, ambako vimebaki hadi leo. Ndiyo maana kinachotumika Mafia ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, wala si sheria za Zanzibar. Sheria hiyo inakitambua kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kwa hekima isiyosifiwa vya kutosha inaitaja milango kwa jina lake: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Tatizo ni kwamba sheria inamtazamia mhalifu bandarini, wakati mlango hupotea kwanza nyumbani, mikononi mwa mwenyewe, kwa bei ya makubaliano.

Tena mnunuzi wa vitu vya kale si adui mkubwa kama anavyodhaniwa, kwa kuwa yeye angalau anajua anachokinunua na hukipeleka mahali kitakapotunzwa. Anayestahili kuogopwa zaidi ni mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye huja na mizani na hununua kwa kilo, na kwake dele lililotengenezwa Oman, sinia la harusi ya bibi na bomba lililovunjika ni shaba tu, zote bei moja. Kitu kilichouzwa Gizenga kinaweza kupatikana tena baada ya miaka thelathini, lakini kilichoyeyushwa hakina pa kutafutwa.

Kua kwenyewe hatari ni ndogo kwa umbo lakini ya kila siku, nayo ni vigae. Hivi ni vipande vya vyombo vya udongo na kauri vilivyovunjika, vingine vya China vyenye michoro ya buluu juu ya weupe, ambavyo mvua huvifunua ardhini na wageni huviokota wakidhani havina mwenyewe. Kigae kimoja hakina thamani sokoni. Thamani yake ni mahali kilipolala, kwa sababu mtaalamu hukitumia kukadiria umri wa sakafu au ukuta ulio karibu nacho, na kikiingia mfukoni ushahidi huo hufutika. Kule Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, ambako sahani na bakuli za China zilipachikwa kwenye makaburi ya mnara kama mapambo, matundu matupu yanaonyesha mkono wa waokotaji wa zamani. Katika magofu mengi ya pwani kilichozuia mikono hiyo kwa muda mrefu ni imani kwamba mahali pale pana mizimu na kwamba anayechukua kitu hukichukua pamoja na balaa lake. Wanazuoni wa dini huikemea imani hiyo, na wana hoja zao, ila uhifadhi umenufaika nayo.

Hatua ambayo ingezisaidia pande zote haihitaji jengo wala bajeti ya makumbusho. Tangu mwaka 1997 upo utaratibu wa kimataifa uitwao Object ID, unaotumiwa na polisi na makumbusho, ambao humtaka mwenye kitu akipige picha kisha aandike mambo machache: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nyenzo gani, kina vipimo gani, kina maandishi gani, na kina alama gani zinazokitofautisha na vingine. Simu ya kawaida inatosha, na nakala ikikaa kwa wazee wa msikiti na nyingine katika makao makuu ya wilaya, Kilindoni, mlango ukitoweka kuna cha kuonyesha. Kwa milango ya Mafia kipengele cha alama ndicho cha kuandikwa kwa makini kuliko vyote, kwa kuwa waridi na minyororo ya nakshi hufanana kutoka mlango hadi mlango, ilhali kiraka cha ubao wa mwembe, tundu la komeo la zamani lililozibwa, au miimo iliyokatwa inchi chache ili mlango uingie katika ukuta mfupi kuliko ule uliotoka, havifanani.