Kidonda cha mtoto kinachofichwa ndicho kinachoua

KIRUMBA. – Watoto wakitoka shuleni, kila mtelemko unageuka kiwanja. Wanakimbia, wanaanguka, wanachunika magoti. Mambo ya kila siku. Lakini kile baba na mama wanafanya katika dakika 10 za kwanza kinaweza kuacha kidonda kipone kwa juma moja, ao kukipeleka hospitalini.

Hapa kwetu, kwenye barabara kubwa namba 2 inayotoka Goma kwenda Butembo, hata mtoto wa miaka sita anajua chukudu. Wakubwa wanabebea juu yake viazi, makala na mihogo. Watoto wanajitengenezea zao ndogo kwa vipande vya mbao, kisha wanatafuta mahali penye mtelemko. Chukudu ya mkubwa mara nyingi iko na kipande cha mpira cha kukanyaga ili kupunguza mbio. Ile ya mtoto, freni yake ni mguu wake mwenyewe, tena mguu usio na kiatu. Mchezo ni mzuri na hakuna mtu anayeomba watoto wafungiwe ndani ya nyumba. Tatizo ni chini pale mtelemko unapoishia: changarawe, msumari, kipande cha manjanja ya zamani, mavi ya mbuzi.

Anatazama mlango kwanza

Muangalie vizuri mtoto aliyeanguka. Kabla ya kutazama goti lake, anatazama kama kuna mkubwa aliyemwona. Kwa nini? Juu anajua maneno yanayokuja: « Sikukukatazaka? Uliona sasa! » Kisha kofi. Basi anapangusa damu kwa udongo, anashusha suruali juu ya kidonda, anaingia nyumbani kimya. Akiulizwa mbona anachechemea, anajibu: « Haiko kitu, mama. » Mama anakuja kujua siku ya tatu, wakati goti limevimba na mtoto ana homa.

Mimi ni mtu wa sendika ya wachimbaji wa zahabu, na jambo hili nalijua kutoka mashimoni. Mchimbaji akikatwa na jiwe, anafunga kitambaa, ananyamaza. Akisema, PDG wa shimo atampa mtu mwingine nafasi yake, na siku ile watoto wake hawatakula. Siku ya tano mguu umekuwa kama nguzo, na sasa gharama ni mara kumi. Ndiyo maana katika mikutano yetu tunarudilia neno moja: ajali inayosemwa siku ileile inabaki ajali ndogo. Lakini hakuna mtu atakayeisema kama anayesema ndiye anayepewa azabu.

Nyumbani ni vilevile. Kwa mtoto, mzazi ndiye PDG. Ukimpiga kwa sababu ameleta kidonda, haujamfundisha kutoanguka. Umemfundisha kuficha. Kama alikosa kweli, kama alichukua panga la baba ao alipita barabarani mbele ya magari, maneno hayo yako na saa yake: jioni, kidonda kikiisha kufungwa na machozi yakiisha kukauka. Hapo atasikia. Wakati damu inatoka hasikii kitu, isipokuwa hasira yako.

Dakika kumi

Kazi ya kwanza ni ya mikono ya mkubwa, si ya goti la mtoto. Nawa kwa sabuni. Sisi wa Kivu ya Kaskazini tulijifunza somo hili kwa bei kali. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ikapita Beni na Butembo, ikaisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, ikiwa imeua kwa jumla zaidi ya watu 2.200. Wakati ule kulikuwa ndoo ya kunawia kwenye bariere na mbele ya makanisa. Ndoo zimeondoka. Desturi isiondoke.

Kama damu inatoka sana, chukua kipande cha kikwembe kisafi, kandamiza juu ya kidonda kwa nguvu dakika 10, bila kufunua kila mara ili kuangalia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, usiondoe cha kwanza. Mkono ao mguu ulioumia uinuliwe juu kidogo.

Damu ikisimama, osha. Maji yawe yale unayoweza kumpa mtoto anywe: ya robine safi, ao yaliyochemshwa na kupoa. Yamwagike kutoka kwenye bido ao kikombe, yapite juu ya kidonda na kwenda na uchafu. Usiingize goti ndani ya beseni, maana uchafu utabaki palepale. Sabuni pembeni, vijiwe vidogo vitoke, kisha funga kwa kitambaa kilichofuliwa na kukaushwa vizuri. Kibadilishwe kila siku, na kila mara kikilowa ao kikichafuka. Lakini kama kuna kitu kimechoma na kuzama ndani, usikivute: munganga atakitoa.

Sasa yale ya kuacha. Majivu, udongo, unga wa kahawa, mavi ya ng'ombe, majani yaliyotafunwa mdomoni, mafuta ya freni: vyote vinapeleka uchafu ndani na kuufungia humo. Hata kufungua kapsuli ya antibiotike na kumwaga unga wake juu ya kidonda si matibabu. Kipande cha sabuni kinafanya kazi nzuri kuliko hiyo, na bei yake ni ndogo.

Adui anakaa udongoni

Wengi wanasema kutu ya msumari ndiyo inaleta pepopunda, ile Wafaransa wanaita tetanos. Si kutu. Mbegu za ugonjwa huo zinakaa ndani ya udongo na mavi ya wanyama, na zinapenda kidonda chembamba kinachozama, mahali hewa haifiki. Msumari unazipeleka tu. Mara nyingi ugonjwa unaonekana kati ya siku 3 na siku 21. Mdomo unafungika, shingo inakauka, mwili unakamaa. Wakati huo kidonda chenyewe kinaweza kuwa kimeisha kupona, na wazazi wanafikiri mtoto amelogwa.

Kinga iko. Mtoto anachomwa chanjo ya pentavalan kwa juma la 6, la 10 na la 14 tangu kuzaliwa, na pepopunda iko ndani yake. Angalia fishi yake ya CPS. Mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka 2024, vita vilifika Kanyabayonga, kisha hapa Kirumba, na watu wakakimbia. Mtoto aliyezaliwa njiani wakati ule, fishi yake iko wapi? Kama haujui, usingoje aumie. Muulize reko wa mtaa wako ao nenda kituoni, wakuonyeshe la kufanya.

Vita viliacha pia vyuma. Mtoto afundishwe kwamba chuma asichokijua, hata kiwe kizuri kwa gurudumu la chukudu, hakiokotwi wala hakipigwi jiwe. Anakiacha palepale na kuita mkubwa.

Wakati wa kukimbia kituoni

Si kila goti linaomba munganga. Lakini nenda siku ileile kama damu haisimami baada ya kukandamiza, kama kidonda kimepanuka mdomo, kama kimetokana na msumari ao kina udongo ndani. Meno ya mbwa ni haraka zaidi: osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda bila kulala, hata kama ni alama ndogo. Aliyegonga kichwa asiachwe peke yake: akitapika mara nyingi, akisinzia bila kuamka vizuri, akitetemeka ao akitokwa maji puani na masikioni, ondoka naye mara moja. Vilevile kidonda kikianza kutoa usaha, wekundu ukienea, ao homa ikipanda. Anza na kituo cha afya cha karibu. Wao ndio watasema kama inafaa kwenda hospitali kuu ya Kayna.

Najua kinachozuia wengi: franga. Hapo ndipo tusaidiane. AVEC nyingi ziko na kasha la msaada kwa wanachama wenye shida. Wakubaliane kwamba mtoto aliyeumia anapewa siku ileile, bila kungoja mkutano wa juma. Tena kila avenyu inaweza kuweka kwa mama mmoja sabuni, bandeji na glavu. Watu kumi wakichanga, haiko mzigo kwa mtu.

Ile nyingine haiombi hata franga moja. Leo jioni, wakati wa kula, mwambie mtoto wako mbele ya ndugu zake: « Ukiumia, kimbia kwangu. Sitakupiga. » Kisha siku atakapokuja na damu kwenye goti, shika neno lako.