Punje za Dhahabu Zinazoisaka Saratani

Mwanamke wa mtaa wa Ayany, Kibera, jijini Nairobi, anayenunua kipimo cha mimba kwenye duka la dawa huenda anatoka na dhahabu mkononi. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, ule mstari mwekundu hutokana na punje za dhahabu zenye upana wa nanomita 40 hivi, na milimita moja ina nanomita milioni. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho hupoteza umanjano wake na kuonekana nyekundu. Kila punje imepakwa kingamwili inayonasa homoni ya ujauzito.

Watafiti wa saratani hutumia maarifa hayohayo. Seli nyingi za saratani ya ovari, kwa mfano, zimejaa vipokezi vya asidi ya foliki, vitamini ileile wanayopewa wajawazito kliniki. Punje iliyovishwa foliki hufanya kama kishonanguo: huteleza kwenye ngozi, lakini kwenye kitambaa hung'ang'ania. Ikishang'ang'ania, punje ya dhahabu huonekana kwa mwanga, na ya chuma huvutwa kwa sumaku.

Kazi hii imeshatoka maabara. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha kipimo cha CellSearch kwa wagonjwa wa saratani ya matiti iliyosambaa mwilini. Punje za chuma zenye kingamwili huchanganywa na mililita 7.5 za damu, kisha sumaku huzivuta seli chache za saratani zilizojificha kati ya mabilioni ya seli za damu. Zikifika 5 au zaidi, daktari hujua hatari imeongezeka. Hata hivyo, kipimo hicho humfuatilia aliyekwisha kugunduliwa kuwa mgonjwa.

Natamani siku ambayo kijiti cha bei ya kipimo cha mimba kitamwonya mkazi wa Kibera kabla hajasikia maumivu. Lakini saratani ya mlango wa kizazi, inayokadiriwa kuwaua Wakenya zaidi ya 3,000 mwaka 2020, haina haja ya kusubiri siku hiyo. Mabadiliko ya awali ya seli huchukua miaka mingi kabla ya kugeuka saratani. Muuguzi akipaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe kwa muda wa dakika moja. Virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo, navyo hupimwa kwa ute ambao mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe, na mwaka 2019 Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi hivyo.

Dada zangu, mama zangu wa miaka 30 hadi 49, ulizieni vipimo hivi kliniki. Ahadi ya punje ya dhahabu ni kuuona ugonjwa mapema, na siki inaweza kufanya hivyo leo.