Kuchagua Mji wa Pwani ya Mediterania (2): Nice, Menton au Antibes?

Juma lililopita tuliishia kwenye viza na nauli. Leo tuingie kwenye swali lenyewe: ukishaamua kwenda pwani ya kusini-mashariki ya Ufaransa, ile wanayoiita Côte d'Azur, ulale mji gani? Anayechagua kwa kutazama picha atapotea, maana kuanzia Cannes hadi mpaka wa Italia bahari ni ileile. Tazama mchanga, milima, na kituo cha treni.

Tuanze na historia, kwa sababu ndiyo inayofumbua mengi. Miji hii haikujengwa kwa ajili ya waogeleaji. Ilijengwa kwa ajili ya wagonjwa na matajiri waliokimbia baridi ya kaskazini, wakaondoka kabla kiangazi hakijapamba moto. Mwaka 1834 Lord Brougham, mwanasiasa mkubwa wa Uingereza, alikuwa njiani kwenda Nice, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya ufalme wa Sardinia. Kwa hofu ya kipindupindu mpaka ukafungwa kwenye mto Var. Akakwama Cannes, kijiji cha wavuvi. Akapapenda, akajenga nyumba, na vigogo wenzake wakamfuata. Mwaka 1859 daktari Mwingereza, James Henry Bennet, alifika Menton na kifua kikuu, akiamini amekwenda kufa. Akapata nafuu, akaandika kitabu kuusifu mji, na mahoteli yakaota.

Ukilijua hilo, Nice haikushangazi tena. Waingereza waliochangia ujenzi wa Promenade des Anglais miaka ya 1820 walitaka mahali pa kunyoosha miguu. Malkia Victoria naye alifikia mlimani Cimiez, mbali kabisa na maji. Hata UNESCO, ilipouweka mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021, iliutambua kama mji wa mapumziko ya majira ya baridi. Ufukwe wake ni mawe matupu: ya kijivu, laini, ya mviringo, mengine makubwa kama viazi. Saa nane mchana mwezi Julai yanaunguza nyayo, na ukiingia majini kina kinakuja ghafla. Mwenye watoto wadogo aufikirie mara mbili. Atakayeng'ang'ania, asione haya kufungasha yeboyebo.

Jambo moja litamfurahisha mtu wa Tanga au Malindi. Huku kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ratiba ya kuoga huifuata bahari. Kule tofauti haifiki nusu mita. Ndiyo maana wenye biashara hupanga vitanda na miavuli hatua chache tu kutoka kwenye maji, asubuhi hadi jioni. Vitanda hivyo ni vya kulipia, tena si bei ya kuchezea, lakini ufukwe wenyewe kisheria ni wa umma. Tandika khanga yako pembeni ya miavuli, hakuna wa kukufukuza.

Wanaotaka mchanga waende Antibes, na hasa mtaa wake wa Juan-les-Pins, ambao ulichangamka miaka ya 1920, pale matajiri walipoanza kupenda jua la kiangazi badala ya kulikimbia. Antibes yenyewe ina mji wa kale wenye ngome, na Picasso alifanya kazi humo mwaka 1946. Jengo alilolitumia leo ni makumbusho yake.

Menton ni habari nyingine. Milima imesimama karibu mno na bahari, inauzuia upepo wa kaskazini, hivyo malimau hustawi na kila Februari hufanyiwa tamasha. Lakini bahari ya Februari ni nyuzi 13 hivi, usijidanganye. Ningepanga Menton kwa Februari, ya kutembea na kula. Juan-les-Pins kwa Juni au Septemba. Agosti, Ufaransa nzima inapokuwa likizo, ningebaki nyumbani.

Na kama mfuko hauruhusu, kuna njia ya katikati. Nice ina vyumba vingi vya bei ya kawaida kuliko majirani zake, na treni ya pwani inapita miji yote niliyoitaja. Lala Nice karibu na stesheni, asubuhi panda treni ya upande wa Menton, shuka Villefranche-sur-Mer, dakika chache tu. Ufukwe uko chini ya kituo, na una mchanga, ingawa ni wa chengachenga.