Kahawa inazeeka pamoja na wenye kuilima



Mwezi wa saba tulipanda milima ya Kalehe kufundisha namna ya kukata kahawa ya zamani ili ichipuke upya. Tulingojea vijana wenye misumeno. Walikuja wazee na bamama, wengine na fimbo mkononi.

Congo si nchi ya wazee. Kati ya watu 100, karibu 3 tu ndio wamepita miaka 65. Kule Japani ni karibu 29. Lakini vijana wetu wengi wako Bukavu, Goma, ao kwenye machimbo ya dhahabu na koltani. Ku shamba wanabaki wenye mgongo unauma.

Muzee mumoja alituonyesha miti iliyopandwa na baba yake. Mirefu, majani yako juu kabisa, matunda ya kuhesabu. Tukamwambia: kata. Akacheka.

«Nikikata yote, mwaka kesho nitalipa minerval na nini?»

Mtoto wake alikuwa nyuma anasikiliza. «Na mimi nikate, nipalilie, kisha shamba wagawiane wakubwa zangu? Hapana, baba.»

Wote wawili wako na haki. Hapo tuliona kwamba msumeno peke yake hautoshi, inaomba karatasi.

Tuliwashauri hivi: muzee akate robo moja tu ya shamba kila mwaka, kisha mavuno, na aendelee kuvuna zile robo tatu. Mti unakatwa kwa sentimeta 30 hadi 40 toka chini, mkato uinamishwe maji yateremke. Mwezi wa tisa kijana apande maharagi katikati (yale mafupi, tafadhali, yenye kupanda juu yatanyonga chipukizi). Kwa kila kisiki abakize chipukizi 2 ao 3 zenye nguvu. Mwaka wa kwanza hakuna kahawa, kisha inarudi pole pole. Maharagi ni ya kijana. Kahawa ya ile robo wanagawana, na mapatano yaandikwe mbele ya familia yote, mabinti pia. Nakala ibaki ku koperative.

Kuna jambo lingine, na hili ni letu sote. Kijana anabeba kahawa hadi kituo cha kuoshea, lakini kama daftari iko na jina la mwenye shamba peke yake, feza yote inaandikwa kwa baba. Mukutano mukuu unaweza kubadilisha hiyo kanuni.

Yule muzee alikubali kukata miti 80. Mtoto aliomba 150. Tulipoteremka walikuwa wangali wanabishana.