Kufundisha Utenganishaji wa Taka za Nyumbani

Mwalimu atakayepangiwa shule ya Munanila, katika nyanda za juu za Kigoma, atakuta somo hili limekwisha kuanzishwa na wazazi. Mgomba ulio karibu na jiko hustawi kuliko ulio mbali, kwa kuwa maganda ya ndizi na majivu hutupwa shinani pake. Mtoto wa darasa la tatu analijua jambo hilo. Mwalimu na aanzie hapo.

Desturi hiyo ilifaa sana wakati karibu taka zote za nyumbani zilikuwa za kuoza. Siku hizi shinani hufika pia betri za tochi, vipande vya chupa na plastiki. Ni kweli kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa za plastiki zingalipo. Basi desturi haikukosea. Taka ndizo zilizobadilika. Kutenganisha ni kuilinda desturi hiyo.

Hatua ya kwanza. Weka mezani vitu mbalimbali, ila vyenye ncha na sumu uvishike wewe mwenyewe. Waache wanafunzi wavigawe wapendavyo. Wengine watafuata rangi, wengine ukubwa. Kisha uliza: “Kila kitu kitakwenda wapi?” Swali hilo litazaa mafungu manne:
(a) vya kuoza: shimo la mboji;
(b) makopo na vyuma: kutumiwa tena, au kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu;
(c) plastiki: kuoshwa na kuhifadhiwa hadi apatikane mnunuzi, wala zisichomwe, maana moshi wake hudhuru;
(d) betri, nyembe na chupa zilizovunjika: chombo chenye mfuniko, mbali na watoto.

Hatua ya pili. Jaza udongo wenye unyevu katika makopo mawili yaliyotobolewa chini. Katika moja fukia ganda la ndizi, katika la pili kipande cha plastiki. Baada ya majuma sita fukueni, na wanafunzi waandike walichokiona.

Hatua ya tatu. Nendeni kwenye nyumba za walimu zinazotumia jalala moja. Hapo wanafunzi wataona kwamba taka hutenganishwa jikoni, kabla hazijachanganyika, na kwamba nyumba moja ikizembea huharibu mboji ya wote. Kwa juma moja wahesabu ndoo za kila fungu na kuchora jedwali. Hilo ni somo la hesabu pia.

Mwisho, onyo. Mwalimu akitenganisha taka darasani, kisha kengele ikilia akazimwaga zote katika shimo moja, wanafunzi watakuwa wamejifunza kwamba ulikuwa mchezo tu. Kwa hiyo shimo la mboji lichimbwe kwanza, ndipo somo lifundishwe.