Mashabiki wa rola kosta wako Eastlando, rola kosta iko Limuru Road

Mara ya mwisho ulipiga mayowe ya raha lini? Si ya bao la Arsenal, wala yale ya mtaa mzima stima zikirudi usiku. Nasema yale yanayokutoka bila ruhusa, tumbo limebaki juu na wewe tayari uko chini.

Kama umelelewa Eastlando, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, nadhani najua jibu lako. Ilikuwa kwa mathree. Mko watano kiti cha nyuma kabisa, ngoma inatetemesha vioo, dere ameliona tuta akiwa amechelewa. Mkaruka pamoja, mkagonga paa pamoja, mkacheka pamoja. Manze, hiyo ndiyo rola kosta yetu, na haina hata mkanda.

Wiki hii nimewauliza wenzangu wa Buru, Umo na Dandora kuhusu bembea na mashine kubwa walizowahi kupanda na wanazoziota bado. Majibu yao yanapanda kama ngazi. Chini iko Uhuru Park. Inafuata shoo ya Jamhuri, halafu Two Rivers. Na kileleni, mahali ambapo hakuna kati yetu aliyefika ila kwa bando la simu, iko Abu Dhabi.

Uhuru Park ndipo wengi wetu tulijifunza kuogopa kwa hiari. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1969, na kwa watoto wa Eastlands Krismasi ilikuwa na njia moja tu: basi hadi Muthurwa, kisha mguu kukatiza tao, viatu vipya vikiuma vidole. Kuingia bustanini hakukuwa na tiketi. Mlikuta mashua kidimbwini, wapiga picha wakiwafuata kina mama kwa maneno matamu, aiskrimu inayoyeyuka haraka kuliko unavyolamba, na kando yake Luna Park na gurudumu lake kubwa linalozunguka angani.

Mzazi alikuwa na pesa ya mchezo mmoja. Ukichagua magari ya kugongana, gurudumu ungojee mwaka ujao. Nakumbuka watoto waliosimama kwenye ua nusu saa wakipiga hesabu kama mawaziri wa fedha. Na wale waliokosa hata ya mchezo mmoja walibaki hapo hapo wakitazama, wakipiga mayowe kwa niaba ya walio juu. Hakuna aliyewafukuza. Hilo ndilo ninalolikosa zaidi: pesa ilikutenga na kiti, lakini haikukutenga na sherehe. Bustani ilipofungwa mwaka wa 2021 ili ikarabatiwe, Krismasi ilipita malango yakiwa na kufuli, na kuna watoto waliovuka umri wa viatu vipya bila kuionja siku hiyo.

Shoo ya Jamhuri unaijua. Basi la shule, mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, mwalimu anataka muone ng'ombe wa gredi na ninyi mnatafuta bembea. Tuendelee.

Two Rivers ilifunguliwa mwaka wa 2017 huko Limuru Road, na uwanja wake wa michezo ukatuletea gurudumu kubwa na rola kosta hapa hapa Nairobi. Sitaki kuwa mtu wa kununa: mashine zile ni safi, na mtoto wa Dandora aliyewahi kukaa juu ya gurudumu lile jioni, taa za jiji zikiwaka, hatalisahau. Ila piga hesabu. Mko wanne kutoka Kayole. Mathree hadi tao, nyingine hadi kule, halafu mrudi. Tuseme kila mkondo ni soo. Kila mmoja ameshatumia soo nne kabla hajaona reli, na mbogi nzima imemaliza 1,600. Hapo hamjanunua tiketi, hamjanunua maji, na mlinzi wa mlangoni bado anaviangalia viatu vyenu.

Na hii ndiyo kinaya yenyewe, kwa sababu rola kosta haikuzaliwa kuwa mchezo wa wenye magari. Mwaka wa 1884, Mmarekani aliyeitwa LaMarcus Thompson alijenga reli ya mbao huko Coney Island, ufukweni mwa New York. Mwendo wake ulikuwa wa baiskeli ya mzee, kama kilomita 10 kwa saa, na nauli senti tano. Watu walipanga foleni. Baadaye, mwaka wa 1920, treni ya chini ya ardhi ilipofika huko kwa senti tano hizo hizo, wafanyakazi waliojazana katika vyumba vya New York walikuja kwa maelfu kila wikendi. Yaani bustani ile iliwekwa mwisho wa njia ya mtu wa kawaida. Sasa wazia: sisi tuna treni ya abiria inayopita Makadara na Dandora asubuhi na jioni, na hakuna kituo hata kimoja ambako mtu hushuka kwa ajili ya raha tu.

Wenzetu wa pwani wana ujanja wao. Siku za Idd, bembea huja kwa watu. Mombasa ni uwanja wa Makadara (wao pia wana Makadara, si ile yetu ya Jogoo Road). Unguja ni Mnazi Mmoja na kile kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo, na Pemba wana Tibirinzi. Mtoto anatoka na sikukuu yake mkononi, hela alizopewa na shangazi na wajomba, anatembea kwa miguu hadi kwenye mchezo. Hakuna cha mikondo minne ya mathree.

Kwetu kuna kinachofanana na hicho, lakini kidogo kidogo. Jumapili mchana, kwenye kipande chochote cha ardhi kilichosalia, utaona majumba ya upepo ya kurukia na merigoraundi ya kusukumwa kwa mkono. Wakati mwingine, shule zikifunga, huletwa gurudumu dogo kwa lori na kusimamishwa kwa siku chache. Mimi nazipenda sana. Lakini hapa nisikilize kidogo, hasa ukiwa ndiye umetumwa na kadogo kako.

Usipande mara ya kwanza. Simama utazame mizunguko miwili. Angalia miguu ya mashine: ikiwa imeegemezwa kwa vipande vya mbao na mawe, na inayumba ikizunguka, ondoka. Angalia chuma kinachokufunga kitini: kina pini ya kukizuia, au kimefungwa kwa waya na kamba? Kitikise kwa mkono kabla ya mashine kuanza. Mwenye mashine anayekasirika ukitikisa chuma chake amekwisha kukujibu. Jumba la upepo nalo liwe limefungwa ardhini pande zote, kwa sababu upepo hauchezi. Na ukiona watoto wa miaka mitatu wamechanganywa na majitu ya darasa la nane, mtoe wako. Si uoga. Hata ile mitambo ya mamilioni hukaguliwa kila asubuhi kabla mtu wa kwanza hajapanda, na hupelekwa mizunguko mitupu kwanza.

Nimesema kipande cha ardhi kilichosalia, na hapo ndipo panauma. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 ikiwa na nafasi wazi katikati na ukumbi wa jamii, na mitaa ya halmashauri iliyofuata iliachiwa viwanja kati ya nyumba. Waulize wazee wa Jericho au Mbotela wakuonyeshe walikochezea. Wataonyesha kwa kidole ghorofa, kanisa la mabati, kioski, karakana. Kumbuka Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road walipopigwa gesi ya kutoa machozi kwa kupinga uwanja wao kunyakuliwa. Wale walikuwa watoto wa ng'ambo ya pili ya jiji, lakini sisi huku tulielewa bila kuelezwa. Bembea haihitaji mamilioni. Bembea nyingi za shule za chekechea jijini zimechomelewa na mafundi wa jua kali, na ukimpa fundi wa Kamukunji mchoro na chuma, wiki haiishi. Kinachokosekana ni mahali pa kuisimamisha.

Dandora wamejaribu. Vijana waliuchukua ua uliojaa taka kati ya nyumba, wakausafisha, wakapaka rangi, wakaweka mahali pa watoto kucheza, kisha ua wa jirani nao ukaona wivu. Ukipita huko utasikia jina la Mustard Seed. Nenda uone, hata kama hujui mtu.

Lakini usiniambie sasa tutosheke na bembea. Huo ndio ushauri tunaopewa kila siku kwa kila kitu, na mimi siutaki. Tunaruhusiwa kutaka ile kubwa pia.

Ile kubwa, kwa kizazi chetu, ilikuwa Formula Rossa. Umeiona kwenye simu, usikatae: Ferrari World, Abu Dhabi, ilianza mwaka wa 2010. Inakutoa sufuri hadi kilomita 240 kwa saa kwa muda wa sekunde tano hivi, na waliokaa mbele huvalishwa miwani ili mchanga na wadudu wasiwatoboe macho. Mathree ya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni haifiki hata 24. Majirani wao wa Saudia hawakukubali kushindwa: wamejenga Falcons Flight huko Qiddiya, karibu na Riyadh, iliyoundwa kufika kilomita 250 kwa saa. Na kama ndoto yako ilikuwa Kingda Ka ya New Jersey, pole. Ilifunguliwa mwaka wa 2005 ikiwa na urefu wa mita 139, karibu sawa na Times Tower yetu. Februari 2025 waliiangusha kwa baruti. Nilitazama video hiyo mara tatu, nikajihisi kama mtu aliyesomewa tanzia ya rafiki ambaye hakuwahi kukutana naye.

Kuna dada mmoja wa mtaani kwetu aliyefanya kazi ya nyumba huko Ghuba miaka miwili. Aliponiambia amefika kwenye bustani kubwa za michezo mara nne, nilimwonea wivu waziwazi. Alicheka. Alikuwa akikaa kwenye benchi chini, ameshika mikoba, maji na viatu vya watoto wa mwajiri, akiinua uso kila gari lilipopita juu. Anaweza kukueleza reli ile kona kwa kona, wapi mayowe huanza na wapi hukatika. Hajawahi kuketi. Sasa amerudi na ana duka la nywele Umoja, na kwenye daftari la akiba yake kuna mstari mmoja ambao hauhusu kodi wala karo. Ni tiketi. Anataka kurudi akiwa amevaa viatu vyake na mikono mitupu.

Labda unajiuliza mtu atalipa vipi pesa yote hiyo kuogopeshwa. Sababu iko tumboni. Rola kosta ya kawaida huvutwa na mnyororo hadi juu, na hapo kazi ya mota imekwisha. Kilichobaki ni kuanguka kwa mpango. Kwenye mteremko, wewe na kiti mnaanguka pamoja, kwa hivyo kiti hakikusukumi tena kutoka chini. Hata utumbo wako unaelea kidogo ndani. Ubongo unapata habari moja tu, kwamba unakufa, kisha sekunde mbili baadaye unapata ya pili, kwamba hujafa. Hiyo ya pili ndiyo tunayoilipia. Na huwezi kuchomoka relini, kwa sababu gari lina magurudumu juu ya reli, ubavuni na hata chini yake. Hayo ya chini ni kazi ya Mmarekani mwingine, John Miller, aliyeyapatia hataza mwaka wa 1919. Mathree haina hayo ya chini. Ndiyo maana paa linakujua.

Basi mkichanga na mkapata nauli, iwe ya Limuru Road au ya mbali zaidi, nendeni asubuhi ya siku ya kazi, foleni ikiwa fupi. Chipsi mwitu mle baadaye. Simu iache kwa begi la yule mmoja anayeogopa, maana kila mbogi ina mmoja, lakini mzunguko wa pili mlazimisheni apande na mmoja wenu ashike begi. Na usikimbilie kiti cha mbele kwa sababu ya video. Kaa nyuma kabisa. Gari la mbele huvuka kilele polepole likisubiri mkia, ilhali la nyuma hunyakuliwa likiwa tayari kwa mwendo, na tumbo lako litabaki huko juu likiangalia jiji. Wewe wa Eastlando kiti hicho unakijua tayari.