Upanga wa Vita na Jinsi Ulivyogeuka

Tulipopita Ruaha Mbuyuni tulimwona mtu akifyeka ukingo wa shamba la vitunguu kwa panga, na mwalimu mmoja akatuuliza kama upanga wa vita wa Wazungu wa kale ulikuwa namna hiyo. Sivyo. Panga la shamba limewekewa uzito mbele ili liangushe kichaka. Upanga wa vita uzito wake huwa karibu na mkono, upate kurudi upesi kabla adui hajapiga. Nao haukuwa mzito kama watu wadhanivyo: ule wa mkono mmoja ulikuwa kilo moja, au moja na nusu.

Umbo lake lilifuata vazi la adui. Askari wa Rumi walisongamana nyuma ya ngao kubwa, basi upanga wao ulikuwa mfupi, wa kuchoma. Wapanda farasi walitaka mrefu zaidi. Mfereji ulio katikati ya ubapa wengi husema ni wa kupitisha damu. La, ni wa kupunguza uzito tu. Hata katika karne ya 14, wakuu walipoanza kuvaa mabamba ya chuma mwili mzima, makali hayakufaa kitu. Ndipo upanga ukafanywa mwembamba wenye ncha kali, upenye kwapani na penye viungo. Kisha bunduki zikaenea, mabamba yakaachwa, na mpini ukazungushiwa vyuma vya kulinda vidole. Upanga uliopinda, umfaao mtu aliye juu ya farasi, Ulaya iliupata kutoka mashariki.

Hapa Uhehe, tarehe 17 Agosti 1891, watu wa Mkwawa walilishambulia ghafula jeshi la Wadachi huko Lugalo, wakamwua mkuu wake, Emil von Zelewski. Kazi ya siku ile ilifanywa hasa kwa mikuki. Wakati huo upanga wa afisa wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuwa alama ya cheo kuliko silaha. Wapanda farasi wa Uingereza walipewa upanga mpya mwaka 1908, ulionyoka, wa kuchoma. Miaka sita baadaye vita vikaanza, na bombomu zikawaondolea nafasi ya kuutumia.

Pwani kuna upanga wa feleji, mrefu, wenye makali pande mbili, waliouchukua Waarabu. Baadhi yake mpini ni wa Omani, bali ubapa umefuliwa Solingen katika Ujerumani. Nyingine zina alama ya mbwa mwitu akimbiaye, alama ya wahunzi wa Passau na Solingen. Lakini iliigwa sana, isiwe ushahidi peke yake. Kwa hiyo aliyerithi upanga kwa babu yake asiusugue kwa mchanga, wala asimpe mhunzi aufanye visu, kabla ya kumwonyesha mwalimu herufi na alama zilizo karibu na mpini.